Kofia ya Kijani Hakuvuka Mto

Nianze na lile la aibu kabisa, ili mkicheka mcheke mapema tuendelee na mengine: mimi Masunga, mtu wa kwanza kuwa na kompyuta yake mwenyewe upande ule wote wa soko la Bariadi, niliwahi kukatiza mbio katikati ya mnada wa ng'ombe nikiwa nimevaa suti, mkononi nimeshika fimbo ya kuchezea gemu, waya wake unaburuzika vumbini nyuma yangu kama mkia, nikimkimbilia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limeshaondoka. Kuna mzee aliniuliza kwa sauti, "Ngosha, ng'ombe wako amekata kamba?" (ngosha kwetu ni mwanamume) na mnada mzima ukaangua kicheko, nami nikaendelea kukimbia kwa sababu sikujua nisimame kwa sura gani.

Mimi sikusoma, hilo silifichi, nalisema hata kwa kujivuna. Niliishia darasa la nne, ng'ombe wa baba wakakosa mchungaji, basi, shule ikaisha hapo. Baadaye nikawa mbeba magunia kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ya kupakia na kupakua pamba mpaka unakohoa nyuzi. Lakini zilipokuja zile zama za ruksa, pamba iliyokuwa ya ushirika peke yake ikaruhusiwa kununuliwa na watu binafsi, wenzangu waliosoma walikaa barazani wakibishana kama jambo hilo litadumu au halitadumu, na wakati wao wanabishana mimi nilikuwa nimeshapanda baiskeli niko Nkoma, niko Sola, nawakusanyia wanunuzi pamba kijiji kwa kijiji. (Wale wabishi mpaka leo wananisalimia kwa mikono miwili.) Faida yake nikanunua jenereta, televisheni, na ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni ambayo watu walikuwa hawajaiona kwa macho, nikajenga banda la mabati nyuma ya soko, na jina likabadilika siku hiyo hiyo. Masunga hakuna tena. Bosi shikamoo, Bosi mwadila, Bosi naomba na mimi nicheze kidogo.

Isipokuwa mtu mmoja.

Milembe alikuwa binti wa Nkoma, aliolewa mbali akarudi nyumbani (mume alikuwa mwepesi wa mkono, hakuwahi kunieleza zaidi ya hapo, nami sikumuuliza), akaanza kuuza dagaa wa Lamadi pale sokoni, meza yake na banda langu vinatazamana. Akishamaliza kuuza alikuwa anakuja, ananawa mikono kwenye ndoo yangu, anaifuta kwenye kitenge, anavuta stuli, anasema, "Masunga, washa." Hana bosi, hana nini. Masunga, washa. Mpaka leo nikipita penye dagaa waliokauka vizuri kwenye jua huwa nasimama kama mtu aliyeitwa.

Mchezo wetu ulikuwa wa vijitu viwili, mmoja ana kofia nyekundu, mwingine ana kofia ya kijani, wanavuka mito kwa kurukia magogo yanayopita na maji. Sharti lake ni kwamba mmoja hawezi kwenda mto unaofuata kama mwenzake hajavuka, ukitangulia unasimama ng'ambo, na kile kijitu kinaanza kupigapiga mguu chini kama mtu aliyechoka kungoja. Nyekundu mimi, Kijani yeye. Mimi nilikuwa na pupa, nikiona gogo naruka, naanguka majini, yeye anatulia, anatulia, ndipo anaruka. "We ngosha," alikuwa akiniambia, "gogo haliibiwi. Litapita jingine."

Tulifika mpaka mto wa mwisho. Nyekundu ameshavuka (safari hiyo nilitulia), Kijani yuko ukingoni, jenereta likapiga kwikwi, televisheni ikatoa moshi, mashine ikanuka plastiki iliyoungua na huo ndio ukawa mwisho wake. Milembe akainuka, akakung'uta kitenge, akasema, "Tutavuka siku nyingine." Msimu uliofuata akahamia Lamadi, kwenye samaki wengi na barabara kuu, na siku ya kuondoka alikuja kuniaga akasimama pale mlangoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Mimi nikamwambia akipata sato wakubwa anikumbuke. Ndiyo maneno niliyoyapata! Mimi niliyekuwa nawashawishi wakulima wa tarafa nzima, siku hiyo kinywani nikakuta sato tu.

Miaka ikapita, nikapanuka, nikawa na duka, zikaanza kuingia kompyuta za mtumba, nikanunua moja kwa fundi wa Mwanza, nikaiweka pale bandani kwa ajili ya kuchapa barua za watu. Ndipo siku moja fundi huyo akanieleza kuwa ipo programu inayoifanya kompyuta ijifanye ile mashine ya gemu ya zamani, yaani mashine yenyewe imekufa, lakini kompyuta inaiigiza kila kitu, sauti yake, rangi zake, hata ule uzito wake wa kuwaka. Nikamuuliza, "Na mito?" Akasema, "Mito yote, bosi." Nilitoka pale nikaacha kofia yangu mezani kwake.

Akanipa sidii. Nikachomeka na fimbo mbili mpya (joistiki, wenyewe wanaziita, ila sisi tulisema fimbo kwa sababu kila aliyeingia bandani kwangu alikuwa amewahi kuchunga), pacha kabisa, kiwanda kimoja, rangi moja. Nikashika moja, Shija wa banda la jirani akashika nyingine. Nyekundu akatembea, Kijani akatembea. Nikamnyang'anya Shija ile fimbo, nikazima. Sikutaka avuke. Tangu hapo kila fundi alipopata toleo jipya la programu ile alinitumia kwa basi, nami nikawa naziweka sidii hizo kwa mpangilio kwenye boksi la viatu bila kuzigusa, maana la kwanza halikuwa na kasoro.

Basi dereva mmoja wa gari la Lamadi akaniletea habari. Milembe anakuja mnadani Bariadi kuuza mzigo wake wa mwisho. Kuna mtu wa Musoma, mwenye mitumbwi yake, amepeleka posa kwa kaka zake Milembe kule Nkoma, ng'ombe wa mahari wanajadiliwa, Milembe mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana. Halafu dereva akaongeza, "Ameniuliza kama lile banda lako bado lipo."

Hapo mtu mwenye akili zake angefunga mlango, angeweka stuli mbili, angewasha kompyuta akangoja. Mimi nikakodi kipaza sauti.

Nikapita nacho soko zima natangaza kwamba siku ya mnada, kwa Bosi, mashine iliyokufa itafufuka, na mto ambao haujawahi kuvukwa utavukwa. Shija, ambaye banda lake lilikuwa la video, akasimama mlangoni kwake na chanuo kichwani. "Bosi, siku ya mnada unaonesha katuni? Mimi nina mapigano mwanzo mpaka mwisho."

"Tutaona watu watakwenda wapi."

"Kama ngoma?"

"Kama ngoma!"

Sasa kwetu ngoma mbili zikishindana hazipokezani, zinapigwa kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na hakimu ni miguu ya watu, wanakokwenda wengi ndiko kwenye ushindi. Na hakuna manju, yaani kiongozi wa ngoma, anayeingia uwanjani mikono mitupu, lazima awe na samba, yaani dawa ya kuvuta watu. Mimi ni Mkatoliki, kwaya nimeimba sauti ya chini, lakini nilikwenda Itilima kwa mfumu mmoja, mganga wa kienyeji, nikarudi na kipande cha mzizi kimefungwa kwenye kitambaa cheusi. Mfumu aliniambia nikifukie mlangoni. Mimi sikukifukia mlangoni. Nilichukua bisibisi, nikaifungua ile fimbo ambayo Milembe angeishika, nikakiweka humo katikati ya nyaya, nikafunga. Nilijiambia kuwa mlangoni mvua itakilowesha. (Ulikuwa wakati wa kiangazi.)

Asubuhi ya mnada basi la Mwanza likaleta sidii nyingine, hii imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Nikaitazama, nikasema mgeni kama huyu hanyweshwi kwa kikombe cha zamani. Nikaondoa toleo la kwanza kwenye kompyuta, lile lililokuwa halijanisumbua hata siku moja, nikaingiza la dhahabu. Nikajaribu peke yangu na fimbo yangu, Nyekundu akaruka vizuri, nikafunga tai.

Milembe alikuja jua limeanza kuinama. Watu walijaa mpaka nje, wengine wamepanda kwenye matoroli wachungulie. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa viatu vya kufunika, kikapu kitupu mkononi. Akanawa mikono kwenye ndoo, ndoo ile ile, akaifuta kwenye kitenge, akavuta stuli.

"Mwadila, Masunga."

"Mwadila, Milembe. Mhola?"

"Mhola. Washa basi, gari haliningoji."

Nikawasha. Ule wimbo wa mwanzo ukatoka, yeye akacheka chinichini, nami nikaona dunia yote imekaa mahali pake. Akasukuma fimbo yake. Kijani hakutikisika. Nyekundu ndiye aliyetembea! Nikasukuma yangu, Nyekundu tena. Tukasukuma wote, Nyekundu akayumba kama mlevi, akaruka juu, akaanguka majini, chubwi. Watu wakacheka. Tukaanza upya, Nyekundu chubwi, Kijani kasimama ukingoni anapigapiga mguu.

Mtu mwingine angefikiria sidii. Mimi nilifikiria kile kilichomo ndani ya ile fimbo. Nikasema moyoni, dawa imezidi nguvu, imemvuta Milembe mpaka mkono wake umeingia kwenye kijitu changu! Na (mnisamehe) nikafurahi kidogo.

Shija akaacha mapigano yake akaja kuchungulia. "Labda waya umekatika ndani. Fungua tuone."

"Haifunguliwi hiyo," nikasema. "Ni ya kisasa."

Akainyanyua, akaitikisa karibu na sikio. "Ya kisasa gani, mbona inalia kama kayamba?"

"Fungua! Fungua!" watu wakaanza, na kupiga makofi juu. Nikanyoosha mkono kuichukua, lakini Milembe alikuwa ameshaipokea, akachomoa kisu cha samaki kikapuni, akazungusha skrubu kwa ncha, taratibu, kama anayepasua sato bila kuvunja nyongo. Kitambaa cheusi kikaangukia mapajani mwake.

Mtu mmoja kwenye toroli akapiga kelele, "Samba! Kompyuta ya Bosi inatumia samba!" na banda likalipuka.

Milembe hakucheka. Alikishika kile kitu kwa vidole viwili, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Masunga, ya kuvuta watu inafukiwa mlangoni. Hii mbona iko kwenye fimbo yangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nimekuwa nalo miaka yote hiyo. Lilikuwa neno moja tu, hata mtu wa darasa la nne analiweza. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, Bosi mzima, suti, tai, nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Hiyo ni ya umeme. Inapoza waya. Wewe nikuvute kwani wewe ni toroli?"

Walicheka hao! Walicheka mpaka mabati yakalia, na kwa muda mfupi sana nikaona nimeshinda. Milembe naye akatabasamu. Akaweka kile kitambaa juu ya meza, akafunga skrubu zake vizuri, akachomeka fimbo pale pale ilipokuwa.

"Sawa, Bosi," akasema.

Sikusikia vizuri wakati ule. Nilikuwa natazama kioo cha kompyuta, kwa sababu dawa imeshatoka na bado fimbo zote mbili zinamwendesha Nyekundu peke yake. Watu wakasema, "Hata samba imeshindwa," wakaanza kumfuata Shija, kumi, ishirini, kundi zima, miguu inakwenda kuhukumu. Mimi ndipo nikang'amua. Sidii! Ile ya asubuhi!

"Si urudishe ile ya zamani?" Milembe akasema nyuma yangu.

"Subiri. Lazima nijue mwenye kosa."

Maana niliona nikirudisha tu ile ya kwanza watasema ni samba iliyotoka ndiyo imeponya. Nilitaka nimkamate mwizi na ushahidi wake mkononi. Na njia nilikuwa nayo, wala sikufundishwa na mtu wa kompyuta. Kule jineri pamba mbichi ikichanganyika kwenye lundo hupata joto, inaweza kuharibu lundo zima, na huwezi kufungua gunia moja moja utakesha. Unagawa lundo nusu kwa nusu, unachomeka mkono, nusu yenye joto unaigawa tena, mpaka gunia bovu linabaki peke yake linaona haya. Basi nikavua koti, nikalimwaga lile boksi la viatu mezani, nikachukua sidii ya katikati. Nikaingiza, nikangoja, nikajaribu fimbo zote mbili, Kijani akasogea, nzuri. Kumbe ubovu uko huku juu, kwenye zile mpya. Nikagawa tena, nikaingiza, nikangoja.

"Bosi, gari linapiga honi," Milembe akasema.

"Dakika moja, naikaribia."

Nikagawa tena. Nikasikia amesema jambo jingine, jambo fupi, na mpaka leo sijui lilikuwa nini kwa sababu ndipo kioo kilikuwa kinawaka. Nyekundu peke yake. Joto! Sidii iliyotangulia hii nzuri, hii mbovu, kumbe ubovu ulianza toleo moja nyuma ya lile la dhahabu! Nikarudisha upesi ile nzuri, nikasukuma fimbo ya pili kwa kidole, na Kijani akatembea mpaka ukingoni, akasimama, anangoja gogo.

"Nimelikamata!" nikapiga kelele. "Milembe, anatembea!"

Nikageuka. Stuli tupu. Fimbo yake ilikuwa juu ya stuli, waya umezungushwa vizuri mpaka pale ulipoishia kwenye kompyuta, kama mtu anavyokunja kitenge cha wenyewe.

Yaliyofuata mnayajua. Niliinyakua ile fimbo, waya ukachomoka, nikakatiza mnadani kwa sababu ndiyo njia fupi ya stendi, ng'ombe wakatawanyika, mzee akaniuliza habari za kamba. Stendi nilikuta vumbi limesimama na muuza karanga mmoja. Akanitazama, akatazama fimbo. "La Lamadi limeondoka sasa hivi," akasema. "Kuna mama alikuwa anageukageuka dirishani. Ni wewe aliyekuwa anakutafuta?" Nikamwambia hapana.

Ng'ombe wa yule mtu wa Musoma walipokelewa Nkoma kabla ya mvua. Mimi nilipigia simu Mwanza kumgombeza fundi, naye akaja kunieleza, baada ya kuchunguza, kwamba toleo lile lilianza kuzitambua fimbo kwa jina la kiwanda, likiona mbili zenye jina moja linadhani ni moja, linazipa kijitu kimoja, kama mgeni anayemsalimia Kulwa asubuhi na pacha wake Doto jioni akajua kamwona mtu yule yule. Akaniuliza nililipataje bila kusoma kompyuta, nikamwambia pamba, akacheka, akaenda kuwasimulia mafundi wenzake, na hao nao wakawa wananiheshimu. Hilo nalisema kwa kifua. Lakini sifa hizo zote hakuna hata moja iliyokuja kushika fimbo ya pili.

Nimejaribu kuvuka peke yangu, fimbo moja kila mkono. Haiwezekani. Nyekundu akiruka, Kijani anaachwa na gogo, na Kijani akitulia, Nyekundu anasahauliwa anazama. Magogo yenyewe hayaishi, aliniambia kweli, litapita jingine na jingine, ila hakunieleza kama na watu ni hivyo.

Siku hizi kila mtu ananiita Bosi, hata watoto wasiojua ni bosi wa nini, na nikiitwa hivyo huwa nasikia sauti moja tu. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, siku ninayomngoja mtu sigusi kitu kinachofanya kazi, hata kikija kipya kimepakwa dhahabu. La pili ni jibu. Nimeliweka tayari, nalisema hata nikinyoa ndevu, neno moja, nitalisema mbele ya mnada mzima nikiulizwa tena.

Kompyuta ile ninayo, nimeifunika kwa kitenge, na sidii ya kwanza imo ndani yake. Jumapili baada ya misa huwa naiwasha, Nyekundu namvusha, namwacha ng'ambo apigepige mguu. Juzi Shija (tumezeeka naye, video zilishamshinda, sasa anauza vocha) alichungulia akaniona, akavuta ile stuli ya pili.

"Bosi, leta nikushikie ya kijani tumalize huu mto."

Nikamwambia, "Achia hiyo, Shija. Ina mwenyewe."